Maji ya Kigoma kwenye meza ya plaiwudi

Ukitaka kumjua mtu anayejenga reli za mfano, usihangaike na vichwa vyake vya treni. Kichwa cha treni kinanunuliwa dukani kikiwa kimeshapakwa rangi, na mataruma siku hizi yanakuja yakiwa yameshakaa kwenye reli zake. Angalia mto wake, bwawa lake au bahari yake. Mlima wa plasta unasamehewa, maana mlima unaweza kuwa na umbo lolote, na miti nayo inasamehewa. Maji kila mtu amekaa nayo tangu utotoni. Hata mtoto wa chekechea ataangalia na kukwambia haya si maji, ingawa hawezi kueleza kwa nini.

Mimi ni mtu wa Kigoma ninayeishi Hamburg. Ninachojenga ni mwisho wa Reli ya Kati kama ulivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi za East African Railways and Harbours: stesheni ile ya Wajerumani yenye matao, njia zinazoteremka bandarini, maghala, gati, vichwa vya treni vya mvuke vya rangi ya damu ya mzee, na ziwa. Uwiano ni 1:87, ambao hapa wanauita H0. Reli zetu zilikuwa na upana wa mita moja. Gawanya kwa 87 unapata kama milimita 11.5, kwa hiyo natumia njia za milimita 12, zilezile wanazotumia wanaojenga treni za milimani za Uswisi. Mabehewa najichongea mwenyewe, na hilo ni jambo la siku nyingine.

Wenzangu wengi wa hapa wanajenga kijiji cha Bavaria chenye kijito kimoja chini ya daraja, na maji wanayamaliza jioni moja. Reli yangu inakomea majini. Ilifika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na sababu ya kufika pale ilikuwa ziwa lenyewe: mizigo ishuke kwenye behewa, ipande meli, ielekee Kongo au kusini kabisa hadi Mpulungu, Zambia. Kigoma bila Tanganyika haina maana, na ndiyo maana karibu nusu ya meza yangu ni maji.

Halafu kuna Liemba. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, safari ya saa chache tu kutoka hapa ninapokaa. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikapelekwa Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa adui, mitambo ikiwa imepakwa grisi ili isile kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Ina urefu wa mita 71 na kitu. Kwa uwiano wangu hizo ni sentimita 82, urefu wa mkono mzima na zaidi, na meli ya ukubwa huo haiwezi kukaa kwenye maji ya kubabaisha.

Wazo la kwanza analopewa kila mgeni wa kazi hii ni kutumia maji ya kweli. Hapa Hamburg wazo hilo lina nguvu zaidi, kwa sababu tuna Miniatur Wunderland, ile reli ya mfano kubwa iliyofunguliwa mwaka 2001 kwenye maghala ya zamani ya Speicherstadt. Sehemu yao ya Skandinavia ina maji ya kweli kiasi cha lita 30,000, na meli zinaelea na kutembea. Inapendeza, na kwa meli zinazotembea sioni njia nyingine. Lakini inama uangalie uso wa maji yale kwa karibu. Meli imepunguzwa mara 87, maji hayajapunguzwa. Tone la milimita nne likirukia sitaha, kwa mabaharia wa pale juu ni donge la maji la sentimita 35. Viwimbi vinavyotoka ubavuni mwa meli vinapita haraka mno, vinene, na jicho linajua mara moja kwamba hiki ni chombo kidogo ndani ya beseni. Juu ya hayo kuna ukungu, vumbi linaloelea, na kutu. Meza yangu ya plaiwudi isingeyaweza hayo hata kidogo.

Kwa hiyo maji ya mfano yanachorwa. Na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sehemu kubwa ya kazi inaisha kabla hujafungua chupa yoyote ya kitu kinachong'aa. Maji yenyewe hayana mengi ya kuonyesha. Tunachokiona ni mambo matatu: kilicho chini yake, kilicho juu yake na kinachopita juu ya uso wake. Chini ni mchanga, mawe au kiza cha kina. Juu ni anga na vilima. Kinachopita ni upepo. Ukiyapata hayo matatu, vanishi ya kawaida ya dukani itakuwa maji. Ukiyakosa, hata resini ya bei ghali, ile gundi angavu ya kumimina inayoganda, itabaki kuwa plastiki.

Tuanze na chini, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu. Mtu akisimama mbele ya meza yangu, macho yake yako kama nusu mita juu ya ziwa. Nusu mita mara 87 ni mita 43. Yaani mtazamaji wangu hajasimama ufukweni. Yuko mlimani juu ya mji, anaitazama ghuba kutoka juu. Aliyewahi kuitazama ghuba ya Kigoma kutoka mlimani anajua anachokiona: kwenye ukingo maji ni meupe hadi unahesabu mawe, kisha yanageuka kijani, na mara tu, bila kukuaga, yanakuwa buluu nzito inayokaribia weusi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na kwa kuwa limekaa kwenye bonde la ufa, sehemu nyingi za kingo zake hudidimia ghafla. Ule ukanda wa kijani ni mwembamba. Picha nyingi za mafunzo zinazotoka Ulaya zinafundisha ukanda mpana wa maji mepesi unaofifia polepole, na hiyo ni sahihi kwa pwani zao zenye mteremko mdogo. Mimi ukanda wangu mahali fulani una upana wa vidole vinne, na mahali pengine, kwenye miamba, hauzidi kidole.

Kina hicho hakichimbwi. Kuna watu wanakata meza, wanashusha sakafu ya ziwa sentimita kumi, wanamimina resini ndoo nzima. Hakuna haja. Kitako changu ni plaiwudi bapa, na kina chote ni rangi. Naanzia na giza kwanza: nyeusi iliyotiwa buluu na kijani kidogo, hadi mtu akiiona anauliza kama nimeharibikiwa. Halafu narudi ufukweni kwa kijani, kisha kijani iliyochanganywa na rangi ya mchanga, kisha mchanga wenyewe uliochekechwa kwa chujio la chai na kugandishwa kwa gundi. Rangi zote zinachanganywa zikiwa bado mbichi, kwa brashi pana yenye unyevu, ili pasionekane mpaka. Na mistari ya rangi isiufuate ufuko kwa utii kila mahali. Mwamba hujitokeza, mchanga hujikusanya upande mmoja wa gati, mahali fulani pana giza bila sababu inayoonekana. Buluu tupu ya kwenye tyubu siitumii kabisa. Ziwa lililopakwa buluu ya tyubu linafanana na ramani.

Kwa uso wa maji marefu natumia karatasi ya chooni. Najua linavyosikika. Wanaojenga bandari na bahari wanaitumia sana, na ukishaiona ikifanya kazi hutacheka tena. Unachagua karatasi isiyo na nakshi, jambo ambalo Ujerumani si rahisi: karatasi nyingi hapa zimepigwa maua, vipepeo, hata kondoo, na hakuna vanishi itakayomficha kondoo katikati ya Ziwa Tanganyika. Unatandaza kipande juu ya plaiwudi, unakilowesha kwa gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, halafu kwa ncha ya brashi unakigonga na kukisukuma kidogo kidogo. Karatasi inajikunja na kuinuka, na mikunjo hiyo ndiyo viwimbi. Unaweka kipande kingine juu ya ukingo wa kile cha kwanza ili kiungo kisionekane, unaendelea hivyo hadi umalize ghuba. Ikishakauka kabisa inakuwa ngumu kweli. Ncha kali unazipitishia msasa laini. Rangi zote nilizozieleza zinakuja juu ya karatasi hiyo, kisha vanishi ya kung'aa, koti jembamba juu ya koti jembamba, hadi mwanga uanze kuteleza.

Urefu wa mikunjo ndio unaoharibu kazi za watu. Wimbi la mita moja kwa uwiano huu lina milimita 11 na nusu. Ndani ya ghuba, siku ya kawaida, hupati wimbi la mita. Unapata viwimbi vya sentimita 15 au 20, yaani milimita mbili hivi. Milimita mbili! Unene wa sarafu. Vidole vyenyewe vinataka kuinua zaidi, kwa sababu kazi isiyoonekana inamkera fundi, na unapaswa kuvizuia.

Resini nimeitumia sehemu mbili tu, pale ambapo mtu anapaswa kuona chini: kando ya gati, na kwenye kipande kidogo cha ufuko wanapoegesha mitumbwi. Ni epoksi ya vyupa viwili, resini na hadena. Kwetu mafundi wa faiba na rangi za magari wanakisia hadena kwa jicho na kazi inashika, na wengi tumekua tukiwaona. Faiba ile ni poliesta, na hadena yake inaanzisha tu mgando, kwa hiyo ukizidisha au kupunguza kidogo inakubali. Epoksi haiko hivyo. Hadena yake ni sehemu ya gundi yenyewe, inaungana na resini kwa kiasi maalumu, na kinachozidi hakina wa kuungana naye. Ukiongeza ili ikauke upesi, itanata maisha yake yote. Napima kwa mizani ya jikoni yenye tarakimu ikiwa chupa imeandika uzito, na kwa kikombe chenye alama ikiwa imeandika ujazo, maana viwili hivyo havilingani. Nachanganya polepole ili nisiingize hewa, namimina kwenye kikombe cha pili kilicho safi, nachanganya tena. Kwenye kuta za kikombe cha kwanza daima hubaki resini ambayo hadena haijaifikia, na hiyo ndiyo inayokuja kuacha doa bichi katikati ya maji magumu. Glavu ni lazima, na dirisha wazi. Mwili unaweza kuikubali epoksi kwa muda mrefu, halafu siku moja ukaikataa, na mzio ukishaanza hauondoki.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa karibu sana. Mchanga na kokoto za chini ya gati zimejaa hewa. Ukimimina resini juu yake moja kwa moja, hewa hiyo itapanda usiku kucha, kiputo baada ya kiputo, na asubuhi utakuta vimegandia njiani. Kwa hiyo kitako chote kinapigwa gundi iliyozimuliwa au vanishi, mara mbili, hadi mchanga ung'ae wenyewe na usinywe tena. Nguzo za mbao za gati nazo vivyo hivyo, pamoja na kamba, tairi kuukuu zilizoning'inizwa kukinga meli, na mtumbwi ule wa zamani uliozama nusu ambao nauonea fahari kuliko meli yenyewe. Majani makavu ya kweli ndiyo mabaya zaidi kwa viputo. Viputo vichache vinavyobaki vinapasuka ukipitisha mwali wa kiberiti cha gesi juu yake, haraka, bila kusimama.

Halafu kuna kuvuja. Resini haina haraka, ina usiku mzima wa kutafuta tundu, na hata tundu la sindano linaitosha. Ukingo wa mbele nauziba kwa kipande cha akriliki kilichofunikwa tepu ya kufungia maboksi, kwa sababu epoksi haishiki kwenye tepu hiyo, pembeni silikoni. Namimina milimita tatu hivi, nasubiri igande, naongeza. Mimina nene kwa mkupuo uone inavyopata joto, na kama chini una povu la stairofomu, joto hilo linaweza kuliyeyusha. Na kwenye kila ukingo resini hupanda milimita moja au mbili juu ya mchanga na kuacha ukanda unaong'aa. Watu wanaulalamikia. Mimi naufuta mahali pengine kwa vanishi isiyong'aa na mchanga kidogo, na mahali pengine nauacha, kwa sababu ufuko halisi una mchanga uliolowa na unang'aa vilevile.

Samaki sikuweka. Mwenzangu mmoja aliwahi kunipa samaki wa plastiki wa sentimita moja, zawadi ya nia njema. Kwa uwiano huu samaki huyo ana karibu mita moja. Sangala wakubwa wapo Tanganyika, lakini hawaji kujipanga chini ya gati wapigwe picha.

Nilipofika hapo nilimtumia mjomba wangu picha kwenye simu. Amevua dagaa kwa karabai maisha yake yote, akitokea Kibirizi. Habari za uwiano hazijui, na gundi nyeupe kwake ni kitu cha seremala. Aliniuliza swali moja: "Mjomba, hapo upepo unatoka wapi?"

Nikamwambia ni ziwa tu, limetulia. Akasema kama limetulia mbona lina mawimbi, na kama lina mawimbi mbona kila moja lina safari yake. "Na meli yako imekaa juu ya maji kama sahani juu ya meza. Meli inaloa, mjomba."

Kwa maneno hayo machache nilipata mafunzo ambayo vitabu vya hapa havikunipa. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa ziwani unavuma kutoka kusini. Maana yake viwimbi vya nje ya ghuba vina upande mmoja wa kuelekea, na mgongo wa kila kiwimbi umelala kukata njia ya upepo. Ukiingia nyuma ya kitu chochote kikubwa, yaani gati, ubavu wa meli au rasi, unapata shwari, maji yasiyo na mkunjo, na mpaka kati ya shwari na upepo unaonekana kwa macho. Pale upepo unapogusa pana kiza na chembechembe. Shwari inabeba sura ya anga na vilima. Mpaka huo hauko sawasawa. Unaenda kwa mikono na ndimi, kwa sababu upepo wenyewe unashuka vilimani kwa mafungu.

Uzuri ni kwamba huhitaji kubomoa. Juu ya vanishi iliyokauka unaweza kuongeza jeli ya akriliki, ile nzito ya wachoraji, inayopakwa ikiwa nyeupe na kukauka ikiwa angavu. Kwa brashi bapa niliigonga upande wa kusini wa gati, mikono yote ikienda mwelekeo mmoja, fupi fupi. Upande wa shwari nilifanya kinyume: nikajaza mabonde ya karatasi kwa makoti ya vanishi hadi pakawa bapa. Tofauti ya urefu kati ya pande hizo mbili haifiki milimita mbili. Lakini sasa ukisimama mbele ya meza unajua kusini ni wapi, na moshi wa Liemba, ambao ni pamba iliyochambuliwa na kutiwa rangi, nikaugeuza uelekee kaskazini. Kabla ya hapo ulikuwa unapanda juu kama hakuna hewa duniani.

Kuloa kwa meli kulichukua muda zaidi. Nilikata plaiwudi kwa umbo la meli ili kiunzi kiingie ndani ya ziwa kidogo, badala ya kukatwa sawa na kuwekwa juu. Juu kidogo ya mstari wa maji nikapiga ukanda mweusi wa unyevu kwa vanishi ya kung'aa, wa milimita moja na nusu, na juu ya ukanda huo alama iliyokauka ya rangi ya kijivu, kwa sababu meli iliyopakua mizigo inaelea juu kuliko ilivyokuwa jana. Kwenye matundu ya kumwagia maji nikashusha michirizi ya kutu. Kiungo kati ya bati na ziwa kikajazwa jeli kwa kijiti cha meno, kisha ikafutwa kwa kidole kilicholowa ibaki kidogo mno. Meli imefungwa gatini, kwa hiyo hakuna povu mbeleni. Naona modeli nyingi nzuri za meli zilizofungwa kamba huku zikikata mawimbi, na sijui nahodha anakwenda wapi.

Mjomba alipotumiwa picha ya pili alisema, "Sasa mitumbwi itoe hapo, upepo wa kuvulia si huo." Sikuitoa yote. Miwili nimeivuta hadi kwenye shwari.

Kuhusu mwanga nitasema kidogo tu. Maji yanayong'aa yanaakisi kila kitu, ikiwemo taa ya dari na sura yako. Taa moja kubwa juu ya ziwa itakuonyesha doa jeupe na hutauona ule ukanda wa kijani uliouhangaikia. Taa zangu ziko mbele, upande wa mtazamaji, na nyuma ya ziwa nimechora milima ya Kongo kwa rangi iliyofifia sana, jinsi inavyoonekana siku isiyo na ukungu. Kivuli chake kinaingia majini bila mimi kukichora.

Sasa niko kwenye kipande cha pili, nacho kimenifundisha kinyume cha haya yote. Ni kibao cha pembeni chenye mto Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe, mahali ambapo reli inafuata bonde la mto na mto umekuwa ukiidai ardhi yake tangu reli ijengwe. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalisomba tuta na madaraja katika eneo hilo na safari za treni zikakatika. Nimetaka kibao hicho kiwe na sura mbili za kubadilishana, masika na kiangazi.

Kwa masika, resini haifai kabisa. Resini hujisawazisha yenyewe, na mto uliofurika hauko sawa. Maji yanapiga nguzo ya daraja na kujilundika upande wa juu, yanaacha shimo upande wa chini, na katikati ya mkondo yana migongo inayosimama palepale ingawa maji yanapita. Umbo hilo unalichonga kwa plasta. Rangi si kahawia moja: ni kahawia, hudhurungi, rangi ya chai ya maziwa, zikivutwa kwa brashi kufuata mkondo, na huoni chini hata sentimita moja, kwa hiyo kazi yote ya kitako inaondoka. Povu halipaswi kuwa jeupe. Ni la rangi ya krimu chafu, na linakaa nyuma ya vitu. Kwenye nguzo weka magogo, mabua ya mahindi, nguo moja iliyonasa. Rangi ya tope nimeipata kwa kusaga chaki za rangi. Mwenzangu aliyetaka aletewe udongo wa Kilosa kwenye begi nilimzuia, maana kuingiza udongo Ulaya kutoka kwetu kumekatazwa kwa sababu ya magonjwa ya mimea, na forodhani hawana utani na hilo.

Kazi ikishakamilika, adui anayebaki ni vumbi. Juu ya mlima vumbi ni udongo tu, juu ya maji linaua kila kitu kwa wiki chache. Ziwa nalipangusa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kufuata mwelekeo wa viwimbi. Nalifunika pia, ila turubai la nailoni lisiguse uso: jeli ya akriliki hulainika chumba kikipata joto na itang'ang'ania nailoni. Pazia la upande wa jua halifunguliwi, kwa sababu jua la dirishani huifanya epoksi kuwa ya manjano, na maji ya manjano kando ya gati la Kigoma sitaweza kuyaeleza kwa mjomba.

Kibao cha kiangazi cha Mkondoa kiko mezani hivi sasa. Ni mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, nyayo za ng'ombe, mashimo mawili ya watu wanaochota maji, na ule mchirizi mmoja unaojipindapinda chini ya daraja refu. Wageni wanauliza mto uko wapi. Nimeshachekecha mchanga na kuugandisha. Maji yake yote yatakuwa kijiko kimoja cha vanishi.